Mzee Eli na Mtoto Aliyesikia Sauti

Dominika ya Pili ya Mwaka B
Somo: 1 Samweli 3:3-10, 19





Somo la kwanza la Dominika ya leo ni moja ya masomo yanayopendwa sana na watoto wa mafundisho. Mtoto Samweli amelala hekaluni, taa haijazimika bado, naye anasikia sauti ikimwita kwa jina lake. Anaamka, anamkimbilia kuhani mzee Eli akidhani ndiye aliyeita. Eli anamwambia hakumwita, arudi akalale. Mara ya pili ni vivyo hivyo. Mara ya tatu ndipo mzee anapotambua kwamba kuna jambo, na badala ya kumrudisha tena kitandani, anamfundisha namna ya kuitikia.

Mara nyingi tukilihubiri somo hili tunamwangalia Samweli: utii wake, wepesi wake wa kuamka. Leo tunaomba tumwangalie Eli. Yeye ni mtu mzima aliyefuatwa usiku na mtu mdogo anayesema, nasikia sauti, ilhali yeye mwenyewe haisikii. Mara mbili alikosea. Mara mbili alimjibu kwa neno moja: kalale. Hakuwa mkali, hakumcheka, wala hakumpiga. Ila hakumsikiliza.

Kwa nini tunaanza hapo? Kwa sababu katika parokia zetu, na katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, wapo ndugu wanaosikia sauti ambazo wengine hatuzisikii. Na sauti zao hazifanani na ile ya Samweli. Huwatukana, huwatisha, huwasimanga usiku kucha. Nyingine huwaamuru wajiumize. Ndugu hao wanapojitahidi kutuambia, mara nyingi sisi huwajibu kama Eli wa mara ya kwanza na ya pili. Tunasema: acha mawazo, nenda ukalale, sali rozari, utapona.

Hatusemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Sisi wenyewe tumetenda hivyo, na yatupasa tuungame.

Miaka kadhaa iliyopita, binti mmoja mwimbaji wa kwaya, wa kigango cha mbali, alitujia baada ya Misa. Hatutamtaja jina wala kigango chake. Yeye mwenyewe ameturuhusu tusimulie. Alisimama mlangoni pa sakristia akisubiri watu wapungue, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Baba, kuna watu wananisema. Siwaoni, lakini nawasikia." Sisi tulikuwa tunaharakia kigango kingine. Tukamwekea mkono kichwani, tukamwambia asali na asiyatilie maanani. Alisema, "Ahsante, Baba," akaondoka. Mazungumzo yale hayakufika dakika tano.

Tulipomwona tena ilikuwa baada ya miezi saba, nyumbani kwa mjomba wake. Alikuwa amefungwa kamba mguuni kwenye nguzo ya ghala. Familia ilikuwa imekwisha kumpeleka kwa mganga, kisha kwa watu wa maombi, ambako alifungishwa kula siku nne ili pepo amtoke. Mama yake alitutazama akasema, "Baba, mimi si katili. Usiku hukimbilia mtoni. Ningefanya nini?" Wala hatukuwa na jibu la kumpa.

Aliyekuwa na jibu ni katekista wa kigango kile, mzee ambaye elimu yake ya shule ni ya darasa la saba. Alivuta kigoda, akaketi chini kidogo ya yule binti, akanyamaza kitambo. Kisha akamwuliza swali ambalo katika miezi yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza: "Mjukuu wangu, hizo sauti zinakwambia nini?"

Binti akamtazama kama mtu aliyepewa maji. Akajibu, "Babu, wananiambia mimi ni mwuaji. Wanasema, mtoto alikuita, hukuitika."

Ndipo yalipotoka mambo yaliyokuwa yamefunikwa. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliachiwa mdogo wake wa kiume amwangalie. Akiwa anafua nguo, mtoto alitumbukia lamboni akafa. Baada ya mazishi, kwa uchungu, nyumba nzima iliacha kulitaja jina la yule marehemu. Wote walidhani wanamsaidia dada yake asahau. Yeye hakusahau. Alibaki peke yake na jambo lile, na miaka mingi baadaye jambo lile likapata sauti.

Ndugu wapendwa, yafaa tuelewe sauti hizi ni nini, maana wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jambo la kwanza: mtu huyo hasemi uongo, wala hajifanyi. Anasikia kweli. Wataalamu waliopima kazi ya ubongo wakati mgonjwa anasikia sauti waliona kwamba sehemu zinazohusika na kusema na kusikia lugha zinafanya kazi wakati huo. Sote tuna usemi wa ndani. Tunapofikiri, mara nyingi tunajisemesha kimoyomoyo, na tunajua kwamba msemaji ni sisi wenyewe. Wataalamu wengi huona kwamba kwa anayesikia sauti, ubongo hushindwa kuutambua usemi huo kuwa ni wake, nao humrudia kama maneno ya mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Kwa hiyo kumwambia "hakuna sauti" ni kama kumwambia mwenye jino bovu kwamba hakuna maumivu kwa kuwa sisi hatuyasikii.

Jambo la pili: si kila anayesikia sauti ana ugonjwa wa aina moja. Malaria inapopanda kichwani huweza kuleta sauti. Kifafa huweza, pombe nyingi inapokatwa ghafla huweza, bangi huweza, hata kukosa usingizi kwa siku nyingi. Mama aliyejifungua karibuni huweza kushikwa na hali hii, naye ahitaji hospitali siku hiyohiyo. Huzuni nayo ina sauti zake. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alitangaza matokeo ya kuzungumza na wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walikuwa wamehisi kwa namna fulani kwamba marehemu yupo karibu nao, na baadhi walikuwa wamesikia sauti yake. Watu hao hawakuwa vichaa, walikuwa wamefiwa. Na upo ugonjwa uitwao skizofrenia, ambao Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba humpata mtu mmoja katika kila watu 300 hivi. Kwa ugonjwa huo, tangu miaka ya 1950 zipo dawa zinazopunguza nguvu ya sauti kwa wengi, ingawa si kwa wote.

Jambo la tatu ndilo alilolijua yule katekista pasipo kufundishwa: sauti mara nyingi zina historia. Huko Uholanzi, katika mji wa Maastricht, alikuwako daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Marius Romme. Mgonjwa wake, Patsy Hage, alikuwa akisumbuliwa na sauti, na dawa hazikuzinyamazisha. Siku moja mama huyo alimkabili daktari wake kwa hoja ambayo sisi wahubiri yafaa tuitafakari: ninyi mnamwamini Mungu ambaye hamjamwona wala kumsikia, mbona hamziamini sauti ambazo mimi nazisikia kweli? Daktari akanyenyekea, akaanza kusikiliza. Mwaka 1987 wawili hao walizungumza katika televisheni ya nchi yao, wakawaomba wanaosikia sauti wajitokeze. Watu wapatao 700 waliitikia, na 450 kati yao walikuwa ni wasikiaji wa sauti. Ajabu ni kwamba wapatao 150 walisema wamepata njia ya kuishi nazo. Kutokana na mikutano yao, na uchunguzi alioufanya Romme pamoja na mwenzake Sandra Escher, ilionekana kwamba kwa wengi sauti zilianza baada ya pigo fulani: kifo, kunajisiwa, kupigwa, kuaibishwa. Leo vipo vikundi katika nchi nyingi ambamo watu hao hukaa pamoja wakasaidiana.

Tena mwaka 2015 ulitangazwa uchunguzi wa mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake. Walizungumza na wagonjwa 60: ishirini wa California nchini Marekani, ishirini wa Accra nchini Ghana, na ishirini wa Chennai nchini India. Wote walikuwa na ugonjwa mzito na wote walisikia sauti. Lakini wale wa Marekani mara nyingi walizieleza kama vita na matukano ya watu wasiowajua. Wa Chennai wengi waliwasikia jamaa zao wakiwakaripia na kuwahimiza kazi za nyumbani. Wa Accra wengi walisema humsikia Mungu, na kwamba sauti njema zina nguvu kuliko mbaya. Haina maana kwamba Afrika ugonjwa si ugonjwa. Maana yake ni kwamba jinsi watu wanavyomzunguka mgonjwa, wanavyomwita na wanavyomtazama, huingia hata ndani ya sauti anazozisikia. Ni jukumu kubwa hilo kwetu. Tukimwita kichaa, neno letu laweza kuongezwa kwenye yale anayoyasikia usiku.

Hapa msikilizaji aweza kuuliza: je, Baba, si pepo? Injili haitaji mapepo? Naam, inawataja, na Kanisa halikani kwamba yuko Mwovu. Lakini lisikilizeni Kanisa lenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1673, inafundisha kwamba magonjwa, hasa ya akili, ni jambo jingine kabisa, na kuyatibu ni kazi ya sayansi ya uganga. Kwa hiyo ni lazima kwanza kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, haimruhusu mtu yeyote kuwapunga pepo bila ruhusa maalumu ya Askofu, naye hutoa ruhusa hiyo kwa padre mwenye uchaji, elimu na busara. Basi katekista, au mwanakikundi cha sala, anayemkemea mgonjwa usiku kucha, akamnyima chakula, akamwambia atupe dawa zake kwa kuwa kuzimeza ni kukosa imani, hatendi kwa jina la Kanisa. Amejitwalia kazi asiyopewa, naye aweza kuua.

Tena mkumbukeni yule mtu wa Wagerasi katika sura ya tano ya Injili ya Marko. Watu wake walikuwa wamemfunga minyororo, naye akaishi makaburini akijikatakata kwa mawe. Yesu alipofika hakuongeza mnyororo. Alimwuliza jina. Na yote yalipokwisha, watu walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Na alipotaka kumfuata Yesu, Bwana alimtuma arudi nyumbani kwa watu wake. Ndiyo njia ya Kristo: aliyetengwa huulizwa jina, huvishwa, hurudishwa nyumbani.

Wakristo wa kale waliifuata njia hiyo. Nchini Ubelgiji uko mji wa Geel, wenye kanisa la Mtakatifu Dimfna, msimamizi wa wagonjwa wa akili. Tangu karne za kati wagonjwa waliletwa huko kuhiji, na nafasi ilipokosekana kanisani, wenyeji waliwapokea majumbani mwao. Hawakuwa waganga, walikuwa wakulima. Waliwapa kitanda, mahali mezani na kazi ya shamba. Katika miaka ya 1930 wageni hao walizidi 3,500, na desturi hiyo haijafa mpaka leo. Kama wakulima wa Geel waliweza kuwakaribisha wageni, je, sisi tutashindwa kuwakaribisha watoto wetu?

Sasa tuseme la kufanya, hasa kwenu makatekista, maana ninyi ndio mnaofikiwa kwanza.

Kwanza, keti umsikilize. Mwulize sauti ni za nani, zinasema nini, zilianza lini, zinamjia saa ngapi. Usibishane naye, wala usijifanye unazisikia. Sema ukweli: "Mimi sizisikii, lakini naamini wewe unazisikia na zinakuumiza."

Pili, mwulize waziwazi kama zinamwamuru ajiue au amdhuru mtu. Msiogope, swali hilo halimpandikizii wazo, bali humtua mzigo. Akikubali kwamba ndivyo, msimwache peke yake hata dakika moja. Ondoeni kamba, visu na dawa za mimea na mifugo, mkampeleke hospitali usiku uleule.

Tatu, mpelekeni kwenye tiba mapema. Anzeni na zahanati au hospitali ya wilaya. Wapo waganga na wauguzi waliosomea magonjwa haya, na zipo hospitali zake maalumu, kama Mirembe kule Dodoma na Mathari kule Nairobi. Dawa zaweza kuleta usingizi, mikono kutetemeka, au mwili kunenepa. Mgonjwa asiziache ghafla, bali arudi kwa daktari amweleze. Na sala iandamane na dawa, isiondoe dawa.

Nne, kamba iondoke. Tunajua inatokana na hofu kuliko ukatili. Lakini kamba hufunga mguu, haifungi sauti. Inamwacha mgonjwa peke yake nazo. Badala ya kamba Jumuiya iweke zamu. Watu wanane wakipokezana kukesha, mama atalala usiku mmoja. Mama huyo naye ni mgonjwa wetu, kwa uchovu na kwa aibu.

Tano, msaidieni apate mbinu zake. Wapo wanaopata nafuu wakiimba au kuvumisha wimbo, wakisoma kwa sauti, wakizungumza na mtu, wakifanya kazi ya mikono. Wapo wanaozipangia sauti saa yake na kuziambia zisubiri jioni. Kila mmoja ana njia yake, naye ndiye anayeijua.

Mnataka kujua habari za yule binti. Katekista na mama yake walimpeleka hospitali ya wilaya, akaanzishiwa dawa. Jumamosi moja tulikusanyika nyumbani kwao tukamwombea yule mtoto marehemu katika Misa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi jina lake likatajwa kwa sauti. Mama akamwambia binti yake mbele yetu sote, "Mimi ndiye niliyekuachia mtoto, nawe ulikuwa mtoto." Wakalia wote wawili.

Hatutawadanganya kwamba sauti zilikoma siku ile. Hazikukoma. Mara moja dawa ziliisha zahanati, akaanguka tena, ikabidi aende kulazwa. Lakini amerudi kwenye kwaya, safu ya pili, kando ya rafiki yake anayejua kumshika mkono anapoona macho yake yanahama. Tulipomwuliza karibuni hali yake, alituambia, "Baba, sasa ni kama redio ya jirani. Naisikia, lakini siiendei."

Ndugu wapendwa, somo la leo kama linavyosomwa Misani linaziruka aya chache. Mkifika nyumbani fungueni Biblia mzisome, kuanzia ya 15 hadi ya 18. Kulipokucha Samweli aliogopa kueleza aliyoyasikia, kwa kuwa yalikuwa mazito, tena yalimhusu Eli mwenyewe na nyumba yake. Mzee alimwita, akamtaka asimfiche neno hata moja. Akayasikiliza yote mpaka mwisho, machungu kama yalivyokuwa. Huyo ndiye Eli wa mara ya tatu na wa asubuhi: mzee ambaye macho yake yamefifia, lakini sikio lake limefunguka.

Sisi tulikuwa Eli wa mara ya kwanza. Tulimwambia binti aliyesimama mlangoni aende akalale, akaenda miezi saba gizani. Tunaomba Mungu atusamehe, naye binti ametusamehe. Lakini labda hivi leo, baada ya Misa, mtu atasimama mlangoni pako, katekista, au atakaa kimya mezani kwako, baba na mama, akisubiri wengine waondoke. Usiwe na haraka. Vuta kigoda.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemwita Samweli kwa jina lake pasipo kumtisha wala kumtukana, wakumbuke watoto wako wanaoteswa na sauti zisizowapa raha. Wape usingizi usiku, wape waganga wenye subira, wape dawa na ndugu wasiowaonea haya. Utufumbue masikio sisi tulio karibu nao, tusimrudishe kitandani mtu aliyetukimbilia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.